Jaco Pastorius: Kijana aliyelipaka gita lake dawa ya mashua

Ukipita ufukweni Shimoni au Gazi siku ambayo boti zimepandishwa nchi kavu kukarabatiwa, utaijua kazi ya resini kabla hujaiona. Harufu yake inachoma pua. Fundi ana mikebe miwili: mmoja una maji mazito kama asali, mwingine una dawa ya kuyagandisha. Anamimina, anakoroga mbio mbio kwa kijiti, kisha anapaka kabla mchanganyiko haujageuka jiwe ndani ya mkebe. Wazee wa kalafati, waliolelewa na pamba na sifa ya papa, bado wanaitazama dawa hii kwa jicho la pembeni, lakini boti za faiba zinazopeleka watalii Kisite zinaishi kwa hiyo.

Sasa hebu fikiria mtu anachukua dawa ya jamii hiyo na kuipaka kwenye shingo ya gita la besi la Fender la mwaka wa 1962. Leo ukimwambia mwenye gita kama hilo ufanye hivyo, atakufukuza kwa panga, maana magita ya umri huo yanauzwa kwa maelfu ya dola. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuna kijana mmoja wa Florida, Marekani, aliyefanya hivyo hivyo, na besi ya umeme haijawahi kupigwa vile vile tena. Jina lake ni Jaco Pastorius. Alifariki akiwa na miaka 35 tu, na gita lake lilipitia misukosuko ambayo ukiiweka kwenye filamu watu watasema umezidisha chumvi.

Alizaliwa Desemba 1, 1951, mji wa Norristown, jimbo la Pennsylvania, na jina lake la cheti ni John Francis Pastorius III. Babake, Jack, alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma wa kwenye kumbi za starehe, wale watu ambao leo yupo kesho yuko safarini. Jaco akiwa bado mdogo, familia ilihamia Florida, ikakaa Oakland Park, pembeni mwa Fort Lauderdale. Pwani hiyo, wangu. Joto, chumvi hewani, minazi, watalii, na mahoteli yanayotaka bendi kila wikendi. Mtu wa Ukunda akishushwa huko akiwa amefungwa kitambaa machoni, huenda asijue kama amepotea hadi asikie watu wanavyozungumza.

Mtoto huyu alikuwa hatulii. Alikuwa anahudumu altareni kanisani, anauza magazeti, anacheza kila mchezo uliokuwepo. Jina la Jaco lenyewe lilitoka michezoni, kwa refa wa besiboli aliyeitwa Jocko Conlan. Kwenye muziki alifuata nyayo za babake, akawa mpiga ngoma. Halafu akiwa na miaka 13 akaumia kifundo cha mkono akicheza kandanda ya Kimarekani, ile ya kugongana kama magari. Mkono ulifanyiwa upasuaji lakini haukurudi kuwa na nguvu za kupiga ngoma saa nzima. Bendi yake ya mtaani, Las Olas Brass, ilikuwa imempata mpiga ngoma mwingine aliye bora kuliko yeye, na wakati huo huo mpiga besi wao akaondoka. Nafasi iliyobaki ndiyo hiyo. Jaco akaichukua.

Kijana akaonja besi, ikamnasa. Ila masikio yake yalikuwa yanataka kitu kingine: ile besi kubwa ya mbao, ya kusimama, inayozidi mtu urefu, ambayo wanamuziki wa jazi hupiga bila freti. Alijikusanyia pesa, akainunua. Hewa ya Florida ikaimaliza. Asubuhi moja aliamka akaikuta imepasuka.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu wapigaji wa bendi za mahoteli ya Diani wanaielewa habari hii bila kuelezwa. Mbao ni kitu kinachopumua. Kukiwa na unyevunyevu inanyonya maji na kutanuka, kukikauka inasinyaa, na chombo chenye mwili mwembamba uliounganishwa kwa gundi hakiwezi kuvumilia mchezo huo miaka nenda miaka rudi. Nyuzi mpya zinashika kutu kabla hujazizoea. Swichi za sauti zinaanza kukwaruza kama redio iliyokosa stesheni, na fundi wa simu mtaani anaitwa kuchomelea waya uliooza kwa chumvi. Bahari inatoa kazi kwa mwanamuziki, halafu inakula vyombo vyake.

Jaco hakuwa na pesa za kununua besi nyingine ya mbao kila moja ikipasuka. Alichotaka ni sauti ile, ndani ya chombo ambacho hakipasuki. Na gita la besi la umeme ni gogo. Mwili wake ni ubao mzima, hauna tumbo la hewa, unaweza kuuacha karibu na dirisha la baharini na usiku ukalala usingizi.

Tatizo ni freti. Kwa asiyejua, freti ni vile vijiti vya chuma vilivyolala kukatiza shingo ya gita. Ukibonyeza uzi nyuma ya kijiti, noti inatoka sawasawa hata kama kidole chako hakikutua pale pale. Kwa kweli ndicho kitu kilichouza besi ya umeme tangu mwanzo. Mwaka wa 1951, mwaka ule ule aliozaliwa Jaco, Leo Fender alitoa sokoni besi yake ya kwanza na kuiita Precision, yaani ya uhakika, kwa sababu freti zilimhakikishia mpigaji kuwa hatatoka nje ya sauti. Jazz Bass ikafuata mwaka wa 1960, shingo nyembamba zaidi, na sumaku mbili za kunasa sauti badala ya moja.

Lakini uhakika huo una bei yake. Kidole kikihama kutoka noti moja hadi nyingine, freti zinakata njia vipande vipande, kama kupanda ngazi. Bila freti, sauti inateleza. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa Florida, maana udi hauna freti, fidla haina freti, na taarabu yote ya Mombasa na Unguja imejengwa juu ya kuteleza huko. Mpigaji udi anapoivuta noti kidogo hadi ikawa kama inalia, anafanya kitu ambacho gita la kawaida haliwezi. Jaco alikuwa anaitafuta sauti ya besi ya mbao, si ya udi, ila mlango ni ule ule.

Akang'oa freti.

Hadithi ya siku hiyo ina matoleo kadhaa na mwenyewe alichangia kuyatengeneza. Mara alizitoa kwa plaizi, mara kwa kisu cha kupakia siagi, mara alilinunua gita likiwa tayari limeng'olewa na mtu mwingine aliyeifanya kazi hovyo. Bei inayotajwa mara nyingi ni dola 90, ambazo kwa kiwango cha wakati huo, dola moja ikiwa kama Sh7, ni kama Sh640 hivi. Kilicho wazi ni hali ya shingo baada ya hapo: mitaro mitupu kila mahali palipokuwa na chuma, na mbao iliyomeguka pembeni kwa sababu freti zikitolewa kwa nguvu huondoka na vipande.

Alichofanya ni kazi ambayo fundi seremala yeyote wa Msambweni angeifanya. Alijaza mitaro kwa puti ya mbao, akaisugua kwa msasa mpaka ikawa sawa. Mitaro iliyojazwa iliacha mistari inayoonekana, na hiyo ikawa bahati, kwa sababu jicho bado lilijua kidole kitue wapi.

Bado kulikuwa na kasoro moja. Alipenda nyuzi za chuma za kampuni ya Rotosound ya Uingereza, zile ambazo zimezungushiwa waya mwembamba juu yake, ukipitisha ukucha zinakwaruza. Ni nyuzi ambazo zilikuja na miaka ya rock. John Entwistle wa The Who ndiye aliyesaidia kampuni hiyo kuzitengeneza miaka ya 1960, akitaka besi ing'ae kama piano. Kwenye gita lenye freti, nyuzi hizo zinasuguana na chuma, hakuna shida. Kwenye gita lisilo na freti zinasuguana na mbao yenyewe, na zinafanya kazi ya msumeno mdogo. Wapigaji wachache waliokuwa na besi bila freti siku hizo walitumia nyuzi laini ili kuokoa mbao, na wakapata sauti iliyofifia, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Ndipo dawa ya mashua ikaingia. Florida imejaa boti na maduka ya vifaa vya boti. Jaco alinunua Petit's Poly-Poxy, rangi ngumu ya epoksi iliyotengenezwa kupaka vyombo vya baharini, akaipaka shingoni tabaka baada ya tabaka. Ilipokauka, ubao wa rosewood ukawa umelala chini ya kitu kama kioo. Nyuzi hazikuweza tena kuutafuna. Tena, na hili ndilo hasa, sehemu ngumu hainyonyi nguvu za uzi unaotetemeka kama mbao laini inavyofanya: noti ikawa inaishi muda mrefu, inang'ara, halafu inachanua mwishoni kama sauti ya mtu anayeimba. Kinga ya mbao ikageuka kuwa sauti.

Mengine yalikuwa madogo. Alitoa bamba la plastiki la kukinga mwili, akatoa vifuniko vya chuma vilivyoficha daraja na sumaku, akapumzisha mkono wake nyuma kabisa karibu na daraja na kuitegemea sumaku ya nyuma, ambako uzi umekaza na sauti ni kali. Amplifaya yake ikawa Acoustic 360. Basi. Hakukuwa na kifaa cha siri. Ukitaka kulinganisha, ni kama mtu wa bodaboda aliyetoa kila kitu kisichohitajika kwenye pikipiki na kubadilisha kitu kimoja tu, lakini kile kile kinachohitajika.

Kuhusu kazi yake nitakwenda haraka, kwa sababu iko yote mtandaoni na masikio yako yatakueleza vizuri kuliko mimi. Mwaka wa 1972 alizunguka Marekani kwa basi na Wayne Cochran na bendi yake ya C.C. Riders, shule ya kweli, kila usiku jukwaani. Alifundisha besi kwa muda Chuo Kikuu cha Miami, akakutana huko na mpiga gita Pat Metheny. Mwaka wa 1975 mpiga ngoma wa Blood, Sweat & Tears, Bobby Colomby, alimsikia na kumtafutia mkataba, na albamu yake ya kwanza ikatoka 1976. Wimbo wa kwanza humo ni "Donna Lee", muziki mgumu wa saksafoni wa enzi za Charlie Parker, unaopigwa kwa besi na kongas pekee. Kuna pia "Portrait of Tracy", ambao karibu wote umepigwa kwa kugusa uzi bila kuubonyeza, mpaka besi moja inasikika kama kengele kadhaa.

Kabla ya hapo alikuwa amemfuata Joe Zawinul, kiongozi wa bendi ya Weather Report, nje ya ukumbi mjini Miami na kumweleza kwamba yeye ndiye mpiga besi bora duniani. Zawinul alimfukuza kwa matusi. Kijana hakuondoka. Aliacha kanda, na Zawinul alipoisikiliza akamuuliza kama anajua pia kupiga besi ya umeme, kwa sababu alidhani aliyokuwa akiisikia ni ya mbao. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyepakaza resini kwenye shingo ya gita kwa sababu besi yake ya mbao ilipasuka.

Aliingia Weather Report 1976. Albamu ya Heavy Weather ya 1977 ikauza vilivyo, huku "Birdland" ikichezwa hata na watu wasiojua jazi ni nini, na katika wimbo wake mwenyewe, "Teen Town", alipiga besi na ngoma pia. Mkono ule ulioumia, ndiyo. Joni Mitchell alimwita kwa albamu ya Hejira, na ukitaka kuanza mahali kumsikiliza Jaco, anzia hapo: anaimba pembeni ya Joni kwa kutumia nyuzi nne. Jukwaani alikuwa anamwaga poda ya watoto sakafuni ili ateleze akicheza, anaruka kutoka juu ya amplifaya, na wakati mwingine analitupa gita chini na kulichapa kwa mkanda wake huku likinguruma. Vijana kila nchi wakaanza kung'oa freti kwa plaizi. Magita mangapi mazuri yaliharibiwa miaka ile, Mungu ndiye ajuaye.

Halafu mambo yakaanza kuharibika, na si kwa siku moja.

Mwanzoni Jaco hakuwa mtu wa pombe. Ni ndani ya maisha ya ziara, baada ya jina kuwa kubwa, ndipo pombe na kokeini zilipoingia, na chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho watu walikuwa wanakiita vituko vya Jaco. Mwaka wa 1982, akiwa ameacha Weather Report na anaongoza bendi yake kubwa ya Word of Mouth, alifanya ziara Japani akiwa amenyoa nywele, amejipaka uso, na akatupa gita baharini kwenye ghuba ya Hiroshima. Aliporudi nyumbani, mkewe aliomba alazwe, na madaktari wakasema ana ugonjwa wa baipola: kupanda juu kupita kiasi, siku nyingi bila usingizi, mipango mikubwa isiyoisha, halafu kuanguka kwenye huzuni isiyo na sakafu.

Kijijini Kwale mtu akifika hapo, wako watakaosema amepagawa na wako watakaosema bangi. Florida ya 1982 haikuwa na tofauti kubwa sana. Walioona vituko walikuwa wameshavizoea na hata kuvilipia tiketi, na msanii anayefanya vituko ni msanii anayefanya kazi yake. Nadhani hili ndilo lililomponza kuliko ugonjwa wenyewe: mtu ambaye umaarufu wake ulijengwa juu ya kuruka na kutamba, nani atamwambia leo umeruka vibaya? Dawa zilikuwepo. Lakini lithiamu, dawa kuu ya ugonjwa huo, inaweza kuifanya mikono itetemeke, na kwa mtu anayekula kwa vidole vyake, tena kwenye gita ambalo kidole kikikosea kwa upana wa uzi noti inatoka nje, hilo si jambo dogo. Alikuwa anazitumia, anaziacha.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 kampuni za rekodi zilikuwa zimemkwepa, ndoa ya pili imevunjika, na alikuwa New York, siku nyingine amelala kwa marafiki, siku nyingine nje, kwenye viwanja vya mpira wa kikapu vya Greenwich Village. Mwanamuziki aliyejaza kumbi za Tokyo alikuwa anaomba pesa ndogo ndogo kwa watu waliokuwa na albamu zake nyumbani.

Na gita? Gita lile lile la dola 90, ambalo linajulikana kwa jina la Bass of Doom, lilivunjwa. Simulizi nyingi zinasema alilivunja mwenyewe. Lilibaki vipande vipande, si shingo iliyoachana na mwili tu, mwili wenyewe ulipasuka.

Mafundi wawili, Kevin Kaufman na Jim Hamilton, ndio waliolirudisha. Fikiria kazi hiyo. Mtu akikuletea kiti kilichovunjika unaweza kutafuta ubao mwingine. Hapa ubao mwingine hautakiwi, maana sauti na historia viko kwenye huu. Unapanga vipande mezani kama mtu anayeunganisha chungu cha kale, unatafuta kipi kinabusu kipi, unagandisha, unabana, unasubiri. Palipokosekana mbao unaziba. Mwisho walifunika mwili kwa tabaka jembamba la mbao, mbele na nyuma, lishike viungo vyote pamoja na kuficha makovu. Mwonekano wa zamani ulipotea, ule wa rangi iliyochubuka ambao tunauona kwenye picha za miaka ya 1970. Lakini nyuzi zilipofungwa, gita lilipiga.

Jaco akalipokea. Muda mfupi baadaye, mwaka wa 1986, aliliacha kwenye benchi katika bustani ya Washington Square. Aliporudi halikuwepo.

Mwaka huo huo alilazwa hospitali ya Bellevue, New York, kisha akarudi Florida. Alipata nafuu kwa vipindi. Usiku wa Septemba 11, 1987, alipanda jukwaani bila kualikwa kwenye tamasha la Carlos Santana, akatolewa nje. Kutoka hapo alikwenda kwenye klabu moja ya usiku huko Wilton Manors, si mbali na mitaa aliyokulia. Wakamkatalia mlangoni, akaupiga teke mlango wa kioo, na meneja wa klabu, kijana aliyejua sanaa za kupigana, akampiga. Mifupa ya uso ilivunjika, damu ikavuja ndani ya ubongo. Hakuzinduka. Familia ilikubali mashine ziondolewe, akafariki Septemba 21, 1987. Aliyempiga alikiri kuua bila kukusudia, akahukumiwa miezi 22, akakaa ndani minne.

Mwaka uliofuata wasomaji wa jarida la DownBeat walimpigia kura akaingia kwenye orodha yao ya wakuu wa jazi. Mambo ya dunia: ukiwa hai unanyimwa mlango.

Gita lilikaa gizani miaka 20. Mwaka wa 2006 lilijitokeza kwenye duka moja la magita New York, likiwa limepita mikono ambayo hakuna anayeweza kuieleza yote. Wapigaji na mafundi waliolijua walilitazama na kuthibitisha kwamba ndilo. Mimi naona hapo ukarabati ulilipa deni lake, kwa sababu mtu anaweza kuiga rangi iliyochubuka na namba ya kiwandani, lakini nani atavunja gita na kuliunganisha tena mahali pale pale? Fender wenyewe wanatengeneza nakala ya besi ya Jaco, shingo yenye epoksi na michubuko ya kupangwa, na bei yake haina undugu wowote na dola 90. Mifupa iliyoungwa hawajaiweka.

Kulijua gita ikawa jambo moja, kulimiliki jambo jingine. Mwenye duka alikuwa amelinunua na hakuwa tayari kuliachia hivi hivi. Familia ilisema ni mali ya baba yao iliyoibwa. Wakavutana kwa mawakili hadi 2010, alipotokea mtu ambaye wapenzi wa jazi hawakumtarajia: Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica. Ndiyo, wale wa metali nzito. Trujillo alikuwa amemwona Jaco jukwaani akiwa kijana huko California, na hakuwahi kupona. Alitoa pesa zake kulinunua, kwa makubaliano kwamba familia ikitaka kulichukua italirudishia kwa bei ile ile aliyolipa, bila faida. Baadaye akashiriki kutengeneza filamu ya maisha ya Jaco, ambayo ukitafuta jina lake tu utaipata.

Oakland Park nako wakafungua bustani ya umma yenye jina lake, Desemba 1, 2008, siku ambayo angetimiza miaka 57.

Kama una besi yako pale Ukunda na plaizi imeanza kukuwasha mkononi, angalau jua mpangilio: pasha freti moto kwanza kwa kifaa cha kuchomelea ili gundi ilegee, ivute polepole ukianzia pembeni, puti, msasa, kisha resini kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka likauke kabisa kabla ya jingine. Fanyia nje, kwenye upepo. Na usianze na gita la kuazima.